Upungufu wa Homoni ya Kiume: Maradhi Yanayofichwa Ufukoni mwa Kabezi

Warundi wengi walilisikia neno testosteroni kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwanamke. Ndugu Francine Niyonsaba, mwanariadha wetu aliyejipatia nishani ya fedha katika mbio za mita 800 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba mwili wake, kwa maumbile tu, huzalisha homoni hiyo kwa wingi kuliko ilivyo kawaida kwa wanawake. Kanuni za wakuu wa riadha wa dunia zilimtaka aipunguze kwa dawa ndipo aruhusiwe kushindana katika masafa yake. Yeye alibadili masafa, akahamia mbio ndefu, na tarehe 14 Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb.

Siku zile kila baraza la kahawa lilikuwa na mtaalamu wake wa homoni iliyozidi. Lakini juu ya homoni hiyo hiyo inapopungua ndani ya mwili wa mwanamume, mabaraza yale yale yalikaa kimya, na yamekaa kimya hadi leo.

Kimya hicho nilikutana nacho uso kwa uso huko Kabezi. Kabezi ni mji mdogo ulio kando ya barabara iendayo Rumonge, kilomita 20 hivi kusini mwa Bujumbura, mbele ukiwa na Ziwa Tanganyika na nyuma ukiwa na vilima vinavyopanda kuelekea mashariki. Nilikuwa nimekwenda huko kwa kazi ya uhusiano baina ya jeshi na wananchi. Adhuhuri, mitumbwi ikiwa imekwisha vutwa mchangani na ndagala wakianikwa juani, mvuvi mmoja wa umri wa miaka 34 alinivuta kando ya watu.

“Afande,” alisema, “nina neno, lakini si la kusemwa mbele ya vijana hawa.”

Neno lenyewe lilikuwa hili. Alikuwa na mke na mtoto mmoja wa kike. Kwa muda wa miezi kadhaa alijiona mchovu, akakosa hamu ya tendo la ndoa, akaona haya kurudi nyumbani mapema. Rafiki akamwelekeza kwa muuza dawa mmoja mjini, ambaye hakumpima damu wala hakumuuliza maswali mawili, akamchoma sindano ya testosteroni na kumwambia arudi kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni alijiona amerudi kuwa kijana. Mwaka ukapita, mimba ya pili isionekane. Ndugu zake wakaanza kumtazama shemeji yao kwa jicho baya, na wapo waliomshauri mvuvi aoe mwingine. Hatimaye alipimwa manii hospitalini. Hapakuwa na mbegu hata moja.

“Dawa ya kuniongezea uanaume,” aliniuliza, “yawezaje kuniondolea uzazi?”

Sikuwa na jibu siku ile. Mimi ni askari, si tabibu. Nililitafuta baadaye kwa madaktari na katika maandishi yao, na haya ndiyo niliyoyapata.

JOGOO SITA

Wafugaji walijua tangu kale kwamba dume akihasiwa hubadilika: ng'ombe akawa maksai mpole, jogoo akanenepa na kuacha kuwika. Walichokuwa hawakijui ni njia ambayo korodani hutumia kuutawala mwili mzima. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, mwalimu mmoja aitwaye Arnold Berthold alichukua jogoo sita wachanga. Baadhi yao aliwahasi moja kwa moja, nao wakakua bila kilemba chekundu, wasiwike, wasipigane. Wengine aliwapandikizia korodani ndani ya tumbo, mahali ambapo mishipa yake ya fahamu ilikuwa imekwisha katwa. Hao wakakua majogoo kamili. Ikadhihirika basi kwamba kuna kitu kinachotoka katika korodani na kusafiri ndani ya damu.

Kitu hicho kilitafutwa kwa miaka mingi, na si kila mtafutaji alikuwa na subira ya Berthold. Mwaka 1889 huko Paris, mtaalamu mashuhuri Charles-Édouard Brown-Séquard, mzee wa miaka 72, alijichoma maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za panya buku, akatangaza kuwa nguvu za ujana zimemrudia. Leo twajua kwamba homoni hii haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo kilichomponya mzee yule kilikuwa imani yake mwenyewe. Katika miaka ya 1920 daktari Serge Voronoff alikwenda mbali zaidi, akawapandikizia matajiri wa Ulaya vipande vya korodani za sokwe na nyani. Sokwe wa jamii ile ile wanaishi kusini mwetu, kwenye ufuo huu huu wa mashariki wa ziwa letu, katika msitu wa Gombe, nao wangalikuwa na mengi ya kusema juu ya ustaarabu huo.

Ukweli ulipatikana mwaka 1935 mjini Amsterdam, ambako kundi la Ernst Laqueur lilisaga kiasi cha kilo 100 za korodani za fahali ili kupata miligramu 10 tu za fuwele safi. Wakaiita testosteroni. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, waliweza kuiunda katika maabara, na kazi yao juu ya homoni za jinsi na kemia inayohusiana nazo ikawapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939.

AMRI KUTOKA JUU

Kwa mtu aliyepitia chuo cha kadeti, mpango wa homoni hii haueleweki vigumu, kwa maana umepangwa kama jeshi. Juu kabisa, ndani ya ubongo, kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Hiyo hutuma ujumbe kwa tezi ya pituitari, ambayo ukubwa wake haupiti punje ya njegere. Pituitari nayo hutuma amri mbili kwa korodani kupitia damu: moja ya kutengeneza testosteroni, na nyingine ya kusaidia kutengeneza mbegu. Korodani zikitii, taarifa hurudi juu kwamba homoni imetosha, na makao makuu hupunguza amri.

Hapa ndipo lilipo jibu la mvuvi wa Kabezi. Sindano ya testosteroni inapoingia katika damu, ubongo huhesabu kwamba homoni imejaa tele, usijue kwamba imetoka chupani. Amri zote mbili husimama. Korodani zikikosa amri hulala, hunywea, na kuacha kutengeneza mbegu. Tena ndani ya korodani zenyewe testosteroni huhitajika kwa wingi mara nyingi kuliko katika damu, na wingi huo sindano haiwezi kuuleta. Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilifanya majaribio ya sindano za kila wiki kwa wanaume wa nchi kadhaa kama njia ya kupanga uzazi, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1990. Mvuvi wetu, pasipo kujua, alikuwa akinunua kila baada ya wiki mbili dawa ya kuzuia kizazi.

Kwa bahati njema amri hurudi. Wataalamu waliokusanya taarifa za wanaume waliotumia homoni hizi katika majaribio ya namna hiyo, na kuzichapisha mwaka 2006, walikuta kwamba baada ya kuacha dawa, kiasi cha 90 kwa 100 walikuwa wamerudiwa na mbegu za kutosha katika muda wa mwaka mmoja, na waliosalia katika muda wa miaka miwili. Lakini hao walikuwa watu wazima wa afya tangu mwanzo. Aliyekuwa na kasoro kabla ya sindano hawezi kuahidiwa hivyo.

NANI HASA ANA UPUNGUFU

Yafaa ieleweke kwamba upungufu wa kweli upo, na si maneno ya wauza dawa tu. Wengine huzaliwa nao: kuna hali iitwayo Klinefelter, ambamo mwanamume huwa na kromosomu moja ya X iliyozidi, na korodani zake hubaki ndogo maisha yote. Wengine huupata baada ya matubwitubwi. Ugonjwa huo ukimpata mvulana aliyekwisha balehe waweza kushuka hadi korodani na kuziharibu, na chanjo yake haimo katika ratiba za utotoni za nchi nyingi za Afrika. Ukoma ukichelewa kutibiwa hula korodani pia. Virusi vya Ukimwi, kisukari, unene uliopita kiasi, maradhi ya ini na ya figo, pombe nyingi, na vidonge vya kuondoa maumivu vya jamii ya afyuni, ikiwamo tramadoli ambayo vijana wengi wa Afrika huimeza kama pipi, vyote huishusha homoni hii.

Sisi askari tuna sehemu yetu. Mwaka 2013 madaktari wa Uingereza walieleza juu ya wanajeshi 19 walioumizwa ubongo na milipuko vitani: 6 kati yao walikutwa na hitilafu katika tezi ya pituitari. Burundi ilipeleka majeshi Somalia tangu mwaka 2007, na kabla ya hapo ilipitia vita yake yenyewe tangu 1993. Vilima hivi hivi vilivyo juu ya Kabezi vilisikia mizinga kwa miaka mingi. Askari aliyerudi na kichwa kilichotikiswa, anayelala mchana kutwa na kumkwepa mkewe, huambiwa kwamba amekuwa mvivu, au kwamba amerogwa. Ningependa apimwe kwanza.

Aidha, uko upungufu ambao si ugonjwa hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichunguzwa askari wa Marekani waliokuwa katika mafunzo ya Rangers, ambayo kwa wiki 8 huwanyima chakula cha kutosha na usingizi. Vijana wale wenye misuli kama mihimili walipungukiwa na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wao, na testosteroni yao ikashuka hadi kukaribia ile ya mtu aliyehasiwa. Walipolishwa na kulala, ikapanda yenyewe. Mwili wenye njaa hauoni faida ya kuzaa.

Na si njaa peke yake. Mwaka 2009 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliopima mate ya wanaume wa jamii mbili za Tanzania zinazoishi kandokando ya Ziwa Eyasi. Miongoni mwa Wahadzabe, ambao baba hulala karibu na mtoto na kumbeba, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga, ambao kazi ya ulezi wa mtoto mchanga wamewaachia wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Basi mwenye kiwango cha chini kidogo kwa sababu anamlea mwanawe hana ugonjwa wa kutibiwa.

Wazee nao husemwa sana. Ni kweli kwamba kiwango hushuka polepole kadiri umri unavyosonga. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, uliowahusu wanaume zaidi ya 3,000 wa Ulaya wenye umri wa miaka 40 hadi 79, ulikuta kwamba waliokuwa na dalili tatu za jinsia pamoja na damu yenye upungufu walikuwa 2 tu hivi kwa kila 100. Mzee ambaye uume wake hausimami ipasavyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kisukari, shinikizo la damu, au mishipa iliyoziba. Na mishipa iliyoziba huko chini huweza kuwa tarishi wa ile ya moyo. Mwenye kumpa homoni bila kumpima sukari amemfichia ugonjwa wake.

DAMU YA ASUBUHI

Dalili zenye uzito ni hizi: kupotea kwa hamu, kutosimama kwa uume hata alfajiri mtu anapoamka, ndevu na nywele za mwili kupungua, matiti kuvimba, korodani kunywea, mifupa kuvunjika kwa jambo dogo. Uchovu peke yake hautoshi. Katika nchi yenye malaria na upungufu wa damu, uchovu una wazazi wengi.

Dalili zikiwapo, damu hupimwa asubuhi, kabla ya kula, nayo hupimwa mara mbili kwa siku tofauti, maana kipimo kimoja hudanganya. Kiwango ambacho madaktari wengi wa Marekani hukichukua kuwa mpaka ni nanogramu 300 katika desilita moja ya damu. Kikiwa chini mara zote mbili, hupimwa zile amri za pituitari. Zikiwa juu na homoni ikiwa chini, korodani zimeshindwa kutii. Zikiwa chini nazo, makao makuu ndiyo yenye hitilafu, na huenda pana uvimbe katika tezi, jambo ambalo sindano ya mitaani haiwezi kulifunua kamwe.

Sasa fikiri juu ya mvuvi wa ziwa letu. Yeye huingia majini na taa zake jua likitua, akavua usiku kucha, akalala mchana saa chache katikati ya kelele za watoto. Testosteroni hupanda wakati wa usingizi na kufikia kilele mtu anapoamka. Uchunguzi mmoja wa Chicago wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vijana 10 wenye afya, walipozuiwa kulala zaidi ya saa 5 kwa usiku kwa muda wa wiki moja tu, homoni yao ya mchana ilishuka kwa sehemu 10 hadi 15 kwa 100. Ukimchukua mvuvi damu saa mbili asubuhi akitoka ziwani, utampima mtu ambaye kwa saa ya mwili wake ni mtu wa usiku wa manane. Utamwona mgonjwa, na kumbe ana usingizi.

Nilimweleza hayo daktari mmoja, naye akanipa jawabu lililonipendeza kwa wepesi wake. Wavuvi wa taa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa samaki hawaifuati taa mwezi ukiwa mpevu. Basi mvuvi na alale nyumbani usiku kadhaa wa siku hizo, ndipo aende kupimwa.

TIBA NA MASHARTI YAKE

Aliyethibitika kuwa na upungufu, na ambaye hatafuti mtoto, tiba yake ni kurudishiwa homoni. Sindano ya kawaida hupigwa katika msuli kila baada ya wiki mbili au tatu. Ipo nyingine ya kudumu kiasi cha wiki 10 hadi 14. Na ipo dawa ya kupaka kila siku, ambayo mwenye kuipaka hana budi kujifunika asimguse mtoto wala mkewe nayo. Baadhi ya vidonge vya zamani, kama methiltestosteroni, viliachwa na madaktari wengi kwa madhara yake kwa ini.

Faida ni za kweli lakini zina kipimo. Katika majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2016, yaliyowahusu wazee 790 wenye upungufu, hamu na uwezo wa tendo la ndoa viliongezeka kwa kiasi cha wastani, bali nguvu za mwili hazikupata badiliko kubwa. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya wanaume 5,246 waliokuwa na maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata: dawa haikuzidisha mishtuko ya moyo wala kiharusi, lakini walioitumia walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpango, madhara ya figo, na damu kuganda katika mapafu. Kwa hiyo mtumiaji hupimwa tena na tena. Damu yake ikiwa nzito, chembechembe nyekundu zikapita sehemu 54 kwa 100, dawa husimamishwa. Tezi dume yake huchunguzwa. Mwenye saratani ya tezi hiyo au ya matiti hapewi kabisa, wala aliyepatwa na mshtuko wa moyo miezi ya karibuni.

Anayetaka mtoto ana njia nyingine. Ikiwa hitilafu iko katika amri na si katika korodani, hupewa dawa ya kuiga amri hizo, na moja ya dawa hizo kwa miaka mingi imesafishwa kutoka mkojo wa wanawake wajawazito. Mnene wa kupita kiasi hupunguza uzito, mlevi huacha pombe, na wengi wao hawahitaji sindano. Ama mizizi, kama ile iitwayo mukombero huko Kenya na mulondo huko Uganda, ina wapenzi wake wa siku nyingi, na sitagombana nao. Walakini poda zisizo na jina ziuzwazo vituoni ni jambo jingine: katika nchi nyingi zimekutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali za kusimamisha uume, na kwa mgonjwa wa moyo anayetumia nitrati mchanganyiko huo waweza kuua.

Neno moja juu ya Kabezi yenyewe. Tangu mwaka 2006 wanawake wa Burundi hujifungua bila malipo katika hospitali za serikali, na mwaka huo huo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza hapo Kabezi huduma ya dharura za uzazi, likiwa na magari ya kuwafuata wajawazito katika vituo vya afya vya vilimani. Mwaka 2012 shirika hilo lilikadiria kwamba vifo vya kina mama katika eneo hilo vilikuwa vimepungua kwa sehemu 74 kwa 100. Nchi nzima yaweza kujivunia hesabu hiyo. Lakini mwanamume wa Kabezi amezoea kuufikia mlango wa hospitali akimsindikiza mwingine, kisha akasubiri nje chini ya mti. Pale ambapo ndoa haipati mtoto, kasoro ya mume huchangia karibu nusu ya visa vyote. Na hata hivyo anayepelekwa kupimwa kwanza, na mara nyingi peke yake, ni mke.

Nilimpelekea mvuvi yule jibu lake, nikamwambia aache sindano na amweleze daktari kila kitu alichochomwa. Nilimwonya kwamba miezi ya kwanza itakuwa migumu, uchovu utarudi, na hamu itapungua tena kabla korodani hazijaamka. Alinyamaza akihesabu kwa vidole. Kisha aliuliza swali ambalo sikulitarajia: je, ni lazima mkewe ajue?

Nikamwambia kwamba mkewe amebeba lawama yake mwaka mzima.

Mbalamwezi iliyofuata walikwenda wawili, kwa basi dogo la asubuhi, yeye akiwa amelala usiku minne mfululizo. Alinipigia simu kutoka hospitalini. Manii yake bado yalikuwa matupu, na ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Shemeji alikuwa ameomba kuingia pamoja naye kwa daktari, na daktari akamruhusu.

Alisema kwamba kaka yake mkubwa sasa anajua. Alimwambia mwenyewe, mbele ya mama yao.